Ibn Battuta: Mgeni wa Dunia Nzima

Vijana wengi tunaota kusafiri: Makka, Dubai, Ulaya, popote pale. Basi mwezi huu mtukufu tumtazame kijana mmoja aliyezunguka dunia karibu miaka 700 iliyopita, bila ndege wala simu, na ambaye alipata kulala hapa kwetu Mombasa.

Jina lake Abu Abdullah Muhammad, maarufu Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Rajab ya mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga baba na mama wakiwa wazima, akashika njia kwenda Hija. Aliondoka peke yake. Wala hakujua kwamba atakaa miaka 24 kabla ya kurudi.

Machozi ya Tunis

Safari haikuanza vizuri. Alipofika Bijaya, Algeria, homa ilimshika. Aliambiwa apumzike, akakataa: kama ni kufa, afe akiwa njiani kuelekea Hijazi. Akawa anajifunga kwenye tandiko kwa kilemba asianguke.

Walipoingia Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wageni wao. Huyu anakumbatiwa, yule anaulizwa hali, lakini yeye hakuna hata mmoja aliyemtolea salamu. Kijana wa watu akalia. Hujaji mmoja aliyaona machozi yale, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza mpaka wakaingia mjini. Idd-ul-Fitr ya mwaka ule aliisali hapo hapo Tunis, na alipoondoka alikuwa kadhi wa msafara.

Ramadhani ya Damascus

Tarehe 9 Ramadhani 726, mwaka 1326, aliingia Damascus. Anasimulia kwamba watu wa mji ule hawakuwa wakifuturu peke yao. Tajiri aliwaita marafiki na mafukara. Wasiokuwa nacho walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao au msikitini, kila mtu na alichojaaliwa.

Sheikh mmoja, Nuruddin, alimkaribisha futari. Baada ya siku nne mgeni haonekani. Kumbe homa tena! Sheikh akatuma watu wamtafute, akamweka nyumbani kwake kama mwanawe, akamletea tabibu, kisha akampa masurufu ya safari ya Hija.

Huko pia alimwona mtumwa mdogo aliyeangusha sahani ya Kichina ikavunjika. Mtoto anatetemeka, anajua akirudi atapigwa. Watu wakamwambia aokote vipande aende kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akalipwa thamani ya sahani. Hebu fikiria, wakfu wa vyombo vilivyovunjika!

Usiku mmoja Mombasa

Karibu mwaka 1331 alishuka pwani yetu kwa jahazi. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli, nyama, samaki na achari. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake hayakulala. Aliona ndizi na ndimu, na watu wanaokula zaidi ndizi na samaki, kwani nafaka zililetwa kutoka bara. Aliwasifu kwa dini na uaminifu. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na mlangoni pana kisima kifupi ambacho maji yake huchotwa kwa kata, na mkeka mnene wa kufutia miguu. Kisha akaenda Kilwa, akamkuta Sultan Hassan, mtu aliyevua nguo zake akampa fukara aliyeziomba.

Mali hupotea

Delhi alifanywa kadhi na Sultan Muhammad bin Tughluq, akapata mali nyingi. Baadaye alitumwa kuwa balozi China. Katika bandari ya Calicut alibaki nchi kavu kusali Ijumaa, na dhoruba ikaja ikavunja jahazi. Jingine lenye vitu vyake likaondoka bila yeye. Akabaki na zulia la kulalia na dinari 10! Hata hivyo aliendelea, akawa kadhi Maldives, na mwisho akafika China.

Nyumba isiyo na mtu

Mwaka 1348 alirudi Damascus, na huko ndiko alikoambiwa kwamba baba yake amefariki miaka 15 iliyopita. Akaenda mbele. Mwaka 1349, akiwa ameshaingia Morocco, akapata habari kwamba mama yake amechukuliwa na tauni. Kilichobaki Tangier kilikuwa ni kuzuru kaburi.

Alisafiri tena, Andalusia na Mali, kisha Sultan Abu Inan wa Fez akaamuru habari zake ziandikwe. Ibn Juzayy aliziandika, zikakamilika mwaka 1355. Wataalamu wana shaka na baadhi ya sehemu, lakini kwa historia ya pwani yetu karne ile ni hazina adimu.

Vijana wenzangu, safirini, si vibaya. Lakini leo tuna simu mkononi: aliye Doha au London ampigie mama kabla ya magharibi. Na sisi tuliobaki, tuangalie msikitini nani hajasalimiwa. Huenda ni Ibn Battuta mwengine, anangoja kokwa ya tende na neno zuri.

Allah amrehemu, na atutakabalie saumu zetu. Amin.