Shaaban Robert (1909–1962): Mwandishi wa Tanzu Nyingi

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, na alifariki mwezi Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Katika umri wa miaka 53 aliandika mashairi, tenzi, insha, hadithi, riwaya, wasifu, tawasifu na tafsiri. Ni nadra kumpata mwandishi mwingine wa Kiswahili wa zama zake aliyegusa tanzu nyingi kiasi hicho. Wingi huo umemletea sifa, lakini pia umezua swali ambalo wasomaji wa bunilizi yake hawajaacha kuliuliza: je, riwaya zake zingekomaa zaidi kama angejifunga katika utanzu mmoja?

Alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, kisha akaajiriwa katika serikali ya kikoloni. Alifanya kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha hadi 1944, akahamishiwa Mpwapwa, na hatimaye akarudi Tanga alikoendelea na utumishi hadi mwishoni mwa muongo wa 1950. Uandishi wake wote, basi, ulifanyika kandokando ya kazi ya ofisi. Hakuwa na mlezi wa kumlipa ili atunge, wala soko la vitabu vya Kiswahili halikuwa limepanuka kiasi cha kumdai mwandishi arudie jambo lililouzika jana. Kwa upande mmoja hali hiyo ilimnyima kipato, na kwa upande mwingine ilimwachia uhuru wa kuchagua.

Alianza na ushairi, kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa pwani aliyetaka kusikika. Mashairi yake yalisomwa katika gazeti la Mambo Leo, ambalo kurasa zake zilikuwa uwanja wa washairi wa Tanganyika na visiwani. Huko alijifunza nidhamu ya vina na mizani. Nidhamu hiyo haikumwacha hata alipogeukia nathari, kwani sentensi zake nyingi zimepangwa kwa vipande vilivyolingana urefu, na mara kwa mara wazo moja hutajwa kwa jozi ya maneno yanayokaribiana maana. Mwanafunzi anayeona nathari yake ni nzito hana budi kukumbuka kwamba anasoma nathari ya mshairi.

Mwaka 1951 ilichapishwa Kusadikika, habari ya nchi iliyo angani. Ndani yake kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, nao waliporudi wakatupwa gerezani. Wahakiki wengi wameisoma kazi hii kama tashtiti ya utawala wa kikoloni. Karani wa serikali hiyohiyo asingeweza kuyasema mambo hayo katika insha, kwa kuwa insha ina mwandishi anayewajibika kwa kila hoja. Hekaya ya nchi isiyo na mahali katika ramani ilimpa stara ambayo utanzu mwingine haukuwa nayo.

Mwaka uliofuata ilitoka Adili na Nduguze, inayochota kisa chake katika Alfu Lela U Lela. Mwaka huohuo ilitoka tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, aliyoifanya kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Wafasiri wana la kujifunza hapa. Rubai ina mishororo minne, na ubeti wa shairi la Kiswahili lililozoeleka una mishororo minne vilevile. Shaaban Robert aliupokea umbo huo kwa urahisi kwa sababu alikuwa tayari amekaa nao miaka mingi. Utanzu mmoja ulikuwa umemwandaa kwa mwingine.

Shaaban Robert aliona maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, yanafaa kuandikwa. Angeweza kuyageuza riwaya, lakini hakufanya hivyo. Wasifu wa Siti Binti Saad unamtaja mwanamke huyo kwa jina lake, kijiji chake na kazi yake. Heshima aliyokusudia kumpa mtu halisi, aliyezaliwa katika ufukara na kudharauliwa, ingepungua endapo angemficha nyuma ya jina la kubuni. Kwa Karama kificho kilikuwa kinga, ilhali kwa Siti kingekuwa dhuluma. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kuhama kwake kutoka utanzu hadi utanzu hakukuwa kutangatanga. Jambo lenyewe ndilo lililoamua liandikwe vipi.

Hata hivyo, uhamaji huo ulikuwa na gharama. Wahakiki wameeleza mara nyingi kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba wema ni wema tangu ukurasa wa kwanza na waovu vivyo hivyo, na kwamba msimulizi huacha kisa akaanza kuhutubu. Majina yenyewe yanashuhudia. Majivuno ni nomino itokanayo na kitenzi jivuna, Utubora ni utu uliounganishwa na bora, na Utubusara ni utu na busara. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaomhusudu Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, maneno mawili ya maana moja, moja likiwa na asili ya Kiarabu na la pili la Kibantu. Msomaji anaijua hatima ya mhusika mara tu anapolisikia jina lake. Mbinu hii inafaa sana katika hekaya na katika utenzi wa mawaidha. Katika riwaya inayotaka tuwaamini watu wake, inabana.

Ubanaji huo unadhihirika zaidi katika Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, ambazo zimeachana na nchi za angani na kuingia katika maisha ya kawaida. Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima shamba. Jambo hilo lingeweza kumtokea mtu yeyote baada ya vita. Mazingira ni ya riwaya ya uhalisia, lakini jina na mwenendo wa mhusika ni wa hekaya. Vitabu vyote viwili vilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, na Kufikirika, iliyoandikwa katika miaka ya 1940, ilichapishwa mwaka 1967. Kwa hiyo anayepima ukuaji wake kwa kufuata miaka ya uchapishaji hupotoka.

Ulinganisho unaosaidia ni wa Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Yeye alichagua hadithi ya upelelezi na hakuiacha. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, hadi Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984, msomaji alirudi kwa mpelelezi yuleyule mwenye kiko. Faida yake ni dhahiri: fumbo hufungwa na kufunguliwa kwa ustadi, na mazungumzo yana ladha ya watu wa Unguja wanaoongea kweli. Shaaban Robert hakuwahi kumrudisha mhusika kutoka kitabu kimoja hadi kingine ili amfahamu zaidi. Kila mara alianza upya, na kuanza upya hakumpi mwandishi nafasi ya kurekebisha kasoro ya jana katika utanzu uleule.

Lakini hasara ya kumfunga ingekuwa kubwa zaidi. Kama angebaki mshairi, Kiswahili kingekosa Kusadikika. Kama angebaki mwandishi wa hekaya, Siti binti Saad angekosa wasifu wake, na Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945 kwa maelfu ya beti, usingetungwa. Alifanya kazi wakati ambapo nathari ya Kiswahili cha kisasa ilikuwa bado inajengwa, na lugha inayojengwa huhitaji mtu wa kujaribu kila chumba. Waliokuja baada yake waliikuta insha, tawasifu na riwaya zikiwa tayari na mfano wa kuigwa au wa kupingwa. Wao waliweza kuchagua kubobea katika chumba kimoja, na baadhi yao walimzidi humo. Uhuru wao wa kuchagua ulitokana kwa sehemu na yeye kukataa kuchagua.