Gino Bartali: Bingwa Aliyeficha Siri Ndani ya Baiskeli



Nikikutana na wale niliomaliza nao chuo, ombi huwa ni lile lile: frateri, tuombee tupate kazi. Nawaombea kweli. Ila wapo pia wenye kazi ambao wanahisi hazina maana yoyote mbele ya Mungu, kana kwamba utakatifu ni wa Jumapili na Jumatatu ni ya bosi. Kwa makundi yote mawili nimewaletea mwendesha baiskeli mmoja wa Italia.

Gino Bartali alizaliwa tarehe 18 Julai 1914 Ponte a Ema, kijiji kilicho jirani na Firenze. Baba yake alikuwa kibarua. Gino akiwa bado kijana mdogo aliingia karakana ya baiskeli kujifunza ufundi, na mwenye karakana ndiye aliyegundua kwamba huyu dogo ana miguu ya mbio. Yaani kabla hajawa bingwa wa baiskeli alikuwa fundi baiskeli, mikono imejaa grisi kama mafundi wetu wa pale kona. Hilo mimi nalipenda sana.

Mwaka 1936, akiwa na miaka 21, alishinda Giro d'Italia. Siku chache baadaye mdogo wake Giulio, naye mwanamichezo huyo huyo wa baiskeli, akafariki kwa ajali akiwa mbioni. Gino alikaribia kuacha kabisa. Akarudi. Alijiunga na walei wa Karmeli, na sala ilimshika kiasi kwamba watu walimwita Gino Mcha Mungu, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Mwaka 1937 akachukua Giro tena, na 1938 Tour de France. Utawala wa Mussolini ulitaka ushindi ule uwe wao; Bartali hakumtolea Mussolini.

Halafu vita. Tour ikasimama kwa miaka, naye alikuwa katika umri ambao mwanamichezo yuko kwenye ubora wake.

Septemba 1943 Wajerumani waliikalia Italia, na Wayahudi wakaanza kusakwa nyumba kwa nyumba. Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze, aliyemfungisha ndoa na Adriana mwaka 1940, akamwomba msaada. Sasa angalieni aliombwa nini. Hakuombwa aache baiskeli aende kufanya jambo takatifu zaidi. Aliombwa aendeshe baiskeli! Picha na karatasi za vitambulisho bandia zilikunjwa na kuingizwa ndani ya bomba la fremu, kiti kikarudishwa juu yake, naye akasafiri kati ya Firenze na Assisi, zaidi ya kilometa 150, kama mtu aliye mazoezini. Mtu mwingine angetiliwa shaka barabarani. Yeye askari walimjua. Tena alijua kufungua na kufunga baiskeli tangu enzi za karakana. Pia alisaidia kuificha familia moja ya Kiyahudi pale Firenze. Hayo yote yangegunduliwa, angeuawa, na nyumbani alikuwa na mke na mtoto mdogo.

Sisi tuliosoma falsafa tunapenda kujadili kama kazi ya mikono ina thamani ndani yake au ni njia tu ya kupata mkate. Nadhani Bartali anatupunguzia maneno mengi.

Amani iliporudi, wengi walimwona mzee. Mwaka 1948 alirudi Ufaransa akiwa anakaribia miaka 34, na katikati ya mbio alikuwa nyuma ya Louison Bobet kwa zaidi ya dakika 20. Tarehe 14 Julai, huko Roma, kiongozi wa wakomunisti Palmiro Togliatti alipigwa risasi, nchi ikachafuka. Waziri Mkuu De Gasperi alimpigia Bartali simu. Akaingia milima ya Alpi, akashinda hatua tatu mfululizo, na mwishowe mbio nzima. Wapo wanaosema aliizuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mimi naona hapo wanatia chumvi. Ila miaka 10 kati ya ushindi wake wa kwanza na wa pili wa Tour, hilo pengo hakuna aliyelifikia mpaka leo. Wewe unayehesabu miaka iliyopotea ukisubiri ajira, kaa kidogo na hiyo namba.

Kuhusu zile safari za Assisi, alinyamaza. Mwanawe Andrea alimsimulia kidogo kidogo, tena akamkataza kusema. Alifariki tarehe 5 Mei 2000 na kuzikwa kijijini kwao. Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa Mwenye Haki Kati ya Mataifa mwaka 2013, miaka 13 baadaye.