Somo la Krapf kwa waanzishao makanisa

Haipiti wiki siku hizi bila ya macho yangu kukutana na bango jipya la kanisa. Mara ni hema lililosimamishwa kando ya uwanja wa mpira, mara ni chumba cha kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mara ni mabati machache na vipaza sauti viwili. Silalamiki. Watu wanamtafuta Mungu, na abishaye hodi hana budi kufunguliwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo limenikera kwa muda mrefu. Aingiapo mtu mwenye kiu ya kweli ya roho, je, sisi tuliomtangulia humo ndani humsikiliza, au humhesabu tu?

Swali hilo hunirejesha kila mara kwenye maisha ya Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulifunzwa shuleni kwamba huyu ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, kisha tukafunga daftari. Nathubutu kusema kwamba mlima huo ni jambo dogo mno katika maisha yake. Krapf hakuja huku kutafuta milima. Alikuja kupanda kanisa, na namna alivyolipanda, pamoja na namna alivyoshindwa, ni somo ambalo bado hatujalihitimu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipata mafunzo ya umishenari mjini Basel, Uswisi, na ingawa alikuwa Mlutheri, alitumwa na shirika la CMS la Kanisa la Uingereza. Mwaka 1837 alikwenda Ethiopia, akitamani sana kuwafikia Waoromo. Mlango ule ulifungwa usoni pake. Mkewe, Rosine, alijifungua wakiwa safarini, na mtoto huyo hakuishi.

Mwingine angalirudi kwao. Krapf alizunguka kwa njia ya bahari, akafika Unguja mwezi wa Januari 1844. Hapo Sayyid Said, mtawala Mwislamu, alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Kutoka Unguja akaja Mombasa, akapanga nyumba, akaanza kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa gani? Hakusimama sokoni kuhubiri. Aliketi chini akajifunza lugha. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Nakuomba msomaji ulitafakari jambo hilo. Mmishenari ambaye alitaka kuwageuza watu imani aliketi mkeka mmoja na kadhi, akawa mwanafunzi wake. Hawakukubaliana kuhusu dini, wala sidhani kwamba walijidanganya juu ya hilo, lakini mmoja alihitaji maneno na mwingine hakumnyima. Laiti nasi leo tungaliweza kutofautiana kwa adabu kama ile.

Mwezi uliofuata, msiba ukabisha hodi. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa ikiwa imemshika yeye na mumewe pia. Tarehe 13 Julai, 1844, akafariki. Siku chache tu baadaye, kitoto kile kikamfuata mamake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi lao lipo hadi leo upande wa Nyali. Krapf, akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia wakuu wake London kuwaarifu kwamba sasa lipo kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo iwe ishara kwao kuwa kazi imeanza. Nimewahi kusimama karibu na kaburi hilo. Kanisa la Kiprotestanti katika nchi hii lilianza kwa jiwe la kaburi. Halikuanza kwa sherehe wala kwa sadaka nono.

Kwa muda wa takriban miaka miwili alifanya kazi peke yake, akivuka kwenda bara, akizuru vijiji vya watu ambao leo twawaita Wamijikenda. Mwezi wa Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana kutoka nchi moja naye. Wazee wa Rabai waliwapa ruhusa ya kukaa kwao, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wakapanda kilima kwenda kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, na punda wao ndiye aliyewakokota kwa zamu. Ibada ya kwanza ilihudhuriwa na watu wachache, wasiozidi kujaza kibanda kimoja.

Hapo ndipo jaribu kubwa la kila mwanzilishi wa kanisa lilipojitokeza. Walikuwako wenyeji walioona kwamba mwaliko usio na mchele wala nguo si mwaliko. Siwalaumu hata kidogo. Kwa desturi za pwani, na kwa desturi za bara vile vile, akualikaye hukulisha. Krapf angaliweza kununua magunia ya mchele na kuwaandikia wakuu wake kwamba kilima kizima kimeongoka. Hakutaka. Aliamua kwamba atakayekuja na aje kwa sababu ya neno lenyewe, na kama hakuja mtu, basi yeye ndiye atakayekwenda.

Naye alikwenda. Alitembea nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Alijifunza Kirabai, na kufikia mwaka 1848 Injili ya Luka ilikuwa imekwisha kuchapwa Bombay katika lugha hiyo. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili. Alichagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hizi ninazozitumia sasa hivi, badala ya zile za Kiarabu zilizokuwa zimetumiwa na washairi na wanazuoni wa pwani kwa muda mrefu.

Katikati ya kazi hizo ndipo zilipotukia safari zile ambazo vitabu vya historia huzipenda. Tarehe 3 Desemba, 1849, akiwa Ukambani kwa Chifu Kivoi, aliuona mlima wenye theluji, na jina alilolinakili kutoka kwa Wakamba ndilo lililoizalia nchi yetu jina. Wataalamu wa Ulaya walimcheka na kusema kwamba theluji haiwezi kukaa penye jua kali. Mwaka 1851 alirudi Ukambani kwa nia ya kuanzisha kituo, lakini msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akitia maji katika mtutu wa bunduki yake kwa kukosa chombo, akirandaranda kwa njaa na kiu hadi alipoifikia Rabai tena. Kituo cha Ukambani hakikupatikana.

Sasa tuhesabu mavuno, maana ndivyo tupendavyo. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai aliitwa Mringe. Alikuwa maskini, tena mlemavu, na alipobatizwa alikuwa karibu na kukata roho. Baada yake alifuata Abe Gunja, ambaye ubatizo wake ulikawia miaka mingi hata Krapf akawa amekwisha kuondoka. Hao ndio malimbuko. Miaka, makaburi, homa, lugha mbili zilizojifunzwa kutoka mwanzo, na mwisho wake ni mtu mmoja anayekufa na mwingine anayengoja. Lau Krapf angalikuwa mchungaji wa siku hizi, baraza lake lingalimwita aeleze fedha zimekwenda wapi.

Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa kikundi kilichoanzisha kanisa dogo katika mtaa mmoja wa Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuandika majina ya wageni. Alikuja bwana mmoja wa makamo, akaketi kiti cha nyuma Jumapili tatu mfululizo. Kila mara nilimkaribisha kwa furaha, nikamwandika, nikampa bahasha ya sadaka. Jumapili ya nne hakuonekana. Baadaye nilikutana naye penye kituo cha matatu, nikamuuliza kwa nini ametupotea. Alinijibu kwa upole kwamba alikuwa amefiwa na mwanawe, akaja kutuuliza swali, lakini hakuona mtu mwenye nafasi ya kuulizwa. Katika daftari langu yeye alikuwa wageni watatu, mmoja kila Jumapili. Sijawahi kulisahau jambo hilo. Krapf alikuwa na Mringe mmoja na akamjua kwa jina na kwa maisha yake. Mimi nilikuwa na jina, na mtu mwenyewe sikumjua.

Simfanyi Krapf malaika. Alikuwa na makosa yake, na baadhi yalikuwa mazito. Aliziona mila za Rabai kuwa giza tupu, ilhali jina la Mulungu lilikuwa likitajwa na wazee katika kaya kabla yeye hajazaliwa. Uislamu alioukuta pwani, ambao watu wake walimsaidia kwa barua na kwa elimu, hakuupima kwa haki. Alikuwa na ndoto ya kujenga mfululizo wa vituo kutoka bahari hii hadi ile ya magharibi, na ndoto kubwa kama hizo humfanya mtu awaone binadamu kama ngazi. Yamkini sehemu ya ugumu wa Rabai ilitokana na hayo. Amtafutaye Mungu huja akiwa tayari ana jambo analolijua juu yake, na mhubiri asiyelisikiliza hilo kwanza huongea na ukuta.

Lakini hata katika makosa yake, Krapf hakumficha mtu alichokuwa akikitaka, wala hakumtoza mtu kwa kusikiliza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa Rabai imo katika Kaunti ya Kilifi, na katika kaunti hiyo hiyo umo msitu wa Shakahola. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni humo, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Mwokozi. Wengi wa marehemu hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watafutaji, watu wenye kiu, walioacha kazi, nyumba na jamaa. Kiu yao ilikuwa ya kweli. Walikosa mtu wa kuwaambia kwamba wanaweza kuuliza swali, wakangoja jibu, na wakaondoka salama iwapo jibu halikuwaridhisha. Kiongozi wa kiroho asiyekubali kuachwa ni wa kuogopwa kama moto. Rabai palikuwa na uhuru wa kuondoka, na wengi waliutumia. Uhuru huo ndio ulioifanya imani ya wale wawili kuwa na thamani.

Afya ya Krapf iliporomoka, naye akaondoka pwani mwaka 1853. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti akina Thomas Wakefield kuanzisha kituo chao cha Ribe, kisha akaenda tena Ulaya. Rebmann alibaki Rabai bila kurudi kwao hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa kipofu. Krapf aliishia Korntal, Ujerumani, akiendelea na kamusi yake. Mwezi wa Novemba 1881 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amefariki akiwa katika sala. Kamusi ya Kiswahili aliyoishughulikia miaka yote hiyo ilichapwa mwaka uliofuata, naye hakuiona.

Rabai leo ina kanisa kongwe, na nyumba za wamishenari wale wawili zingali zikionyeshwa wageni. Mbegu ambayo ilionekana kufa iliota baada ya mpanzi kuondoka, nayo ilimwagiliwa maji na Waafrika wenyewe, wakiwemo waliokombolewa kutoka utumwani ambao walipata makao pale kilimani.

Nionavyo mimi, yeyote anayekusudia kufungua kanisa jipya, liwe la hema au la mawe, na aende Rabai kwanza bila kipaza sauti. Kisha ajiulize kama yuko tayari kukaa miaka mitano kwa ajili ya Mringe mmoja, ajifunze lugha ya jirani, aulizwe maswali magumu na asikasirike, na amwachilie kwa heshima yule atakayekataa. Akiona hayawezi hayo, basi afadhali mabati yale ayatumie kuezekea banda la kuku. Mimi kwa upande wangu nimeliacha lile daftari la wageni. Siku hizi huketi kiti cha nyuma.