Selous: Mwindaji Aliyejifunza Kusogea Kabla ya Kufyatua

Frederick Courteney Selous alizaliwa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba, 1851. Alifika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19, akawa mwindaji wa tembo kwa miguu.

Silaha zake za mwanzo zilikuwa magobori mazito yaliyorusha risasi ya takriban gramu 113. Mitutu yake ilikuwa laini ndani, hivyo shabaha ilipotea upesi umbali ulipoongezeka, na kushindilia upya kulichukua muda. Ilimlazimu kumnyemelea tembo hadi karibu kabla ya kufyatua.

Baadaye alitumia bunduki zenye shabaha bora, zilizofika mbali zaidi. Hata hivyo, umbali unaofaa hubaki ule ambao mwindaji ana hakika ya kupiga moyo au mapafu. Kuuzidi ni kumwacha mnyama na jeraha, ateseke porini au amgeukie mpita njia.

Selous aliuawa vitani kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Mto Rufiji, tarehe 4 Januari, 1917. Kaburi lake lipo huko hadi leo, na Pori la Akiba la Selous lilipewa jina lake.