Ar-Razi na Swali la Damu

Wazee wetu wa pwani wakiumika, nami sikupata kumsikia aliyeuliza hakika yake. Abubakar ar-Razi, mzaliwa wa Rayy katika Uajemi, aliyekuwa mkuu wa hospitali huko na Baghdad, aliuliza. Wagonjwa walitazamwa kwanza na wanafunzi wake. Wakishindwa, ndipo humfikia yeye. Penye homa ya ubongo, kundi moja alilitoa damu, jingine akaliacha makusudi, apate kujua. Akaandika kuwa waliotolewa ndio waliookoka. Alifariki mwaka 925. Leo madaktari hawaitibu homa hiyo hivyo: jawabu lake limepitwa, njia yake imebaki. Nami nikiwakumbuka wale walioachwa, nawaombea rehema pamoja na tabibu wao. Elimu ina deni kwao.