Kakungulu, Shemeji wa Kabaka

Kila nilitajapo jina la Kakungulu mbele ya wazee wa msikitini hapa Kisumu, fikra zao huenda kwa Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, aliyetoa ardhi ya msikiti wa Kibuli na kufariki 1991. Huyu wangu wa leo ni mwingine, Semei, naye katika vita vya dini vya Buganda alipigana upande wa Wakristo. Hata hivyo habari zake zatuhusu sisi wa ziwani, kwani Kisumu nayo ilikuwa Uganda mpaka 1902.

Alizaliwa Kooki mnamo 1869, dola ndogo iliyotoa kodi kwa Kabaka. Akaingia Buganda angali kijana, akasifika kwa bunduki, akapanda vyeo hata akamwoa Nawati, dada yake Kabaka Mwanga. Si jambo dogo hilo! Kwa mila ya Buganda binti wa mfalme hakuolewa. Dini mpya ndiyo iliyofungua mlango. Lakini mume wa binti mfalme si mfalme, na ufalme ndio alioutamani. Katikiro Apolo Kagwa naye hakutaka mshindani. Basi Kakungulu akashika njia ya mashariki.

Aprili 1899 Mwanga, aliyekuwa amewaasi Waingereza, alikamatwa Lango pamoja na Kabarega wa Bunyoro. Katika jeshi lile alikuwamo shemeji yake. Mwanga alipelekwa Kisimayu, kisha Shelisheli, akafia huko 1903. Nami kila nifikapo hapa hujiuliza Nawati alizipokeaje habari zile.

Na malipo yake? Kakungulu alikuwa akijenga ngome na barabara nchi ya Bukedi, akiwagawia wafuasi wake ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Alitumaini Waingereza watamtambua kuwa Kabaka wa huko. Wao 1902 wakamwondoa Budaka, naye akahamia Mbale na kuuanzisha mji. Mwaka 1906 wakamfanya mkuu wa baraza la machifu wa Busoga. 1913 na hilo likaisha.

Aliyekoseshwa kiti akageukia kitabu. Alijiunga kwanza na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Kisha, 1919, baada ya kuishikilia Torati, akatahiriwa yeye na wanawe, akaanza kuitukuza Jumamosi. Alifariki Novemba 1928, karibu na Mbale. Wafuasi wake, Abayudaya, wangali huko, na nyama hawali ila waliyoichinja wenyewe.