Rudolf Diesel: Aliyetafuta injini ya mnyonge, akapotelea baharini

JINA lake hutamkwa kila siku katika kata ya Mlabani mjini Ifakara, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu. Hutamkwa kwenye vituo vya mafuta na kwenye mashine za kukoboa mpunga. Madereva wa malori ya miwa barabara ya Kidatu wanalitaja, na hulitaja pia wenye pawatila mashambani kila msimu wa mvua unapokaribia.

Siku hizi limepata matumizi mapya. Wenye magari ya dizeli, hasa pikapu na magari makubwa ya familia yenye mitambo ya kielektroniki, wanaelezwa na mafundi kwamba injini zao zinaweza kuongezewa nguvu bila kubadilishwa hata nati moja. Kinachobadilishwa ni ramani ya injini, yaani hesabu zilizomo ndani ya kompyuta ya gari, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi.

Aliyeanzisha safari hiyo hakuwahi kuona kompyuta. Alikufa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55, katika mazingira ambayo hadi leo hayajapatiwa jibu moja linalokubaliwa na wote.

Mtoto wa mkimbizi

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ililazimika kukimbilia London. Maisha yakawa magumu, na kijana huyo wa miaka 12 akapelekwa Augsburg kuishi kwa ndugu wa ukoo ambaye mumewe alikuwa mwalimu wa hisabati.

Huko ndiko alikoamua kuwa mhandisi. Alisoma kwa ufadhili katika chuo cha ufundi cha Munich, akazuiwa na homa ya matumbo kufanya mtihani pamoja na wenzake mwaka 1879, kisha akaufanya Januari 1880 na kupata alama za juu kabisa.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Katika mihadhara ya Linde, Diesel alijifunza jambo lililomkosesha usingizi kwa miaka mingi: injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, meli na treni za dunia nzima, ilikuwa ikipoteza takriban asilimia 90 ya joto la makaa ya mawe yaliyochomwa.

Alifanya kazi kwa Linde mjini Paris, akamwoa Martha Flasche mwaka 1883, na wakajaliwa watoto watatu. Mchana aliuza mitambo ya barafu. Muda uliobaki aliutumia kutafuta injini yake mwenyewe. Jaribio moja la kutumia mvuke wa amonia lilimlipukia na kumlaza hospitali.

Hewa bila cheche

Wazo lililomletea umaarufu linaeleweka na yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo: hewa ikigandamizwa, hupata joto. Diesel alitaka kuigandamiza ndani ya silinda hadi ipite nyuzi 500 za Selsiasi. Kwa joto hilo, mafuta yakinyunyizwa huwaka yenyewe na kuisukuma pistoni. Hakuna plagi, hakuna cheche.

Aliomba hataza mjini Berlin Februari 1892 na kuipata mwaka uliofuata. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vikakubali kugharamia majaribio.

Jaribio la kwanza, Agosti 10, 1893, lilikuwa karibu liwe la mwisho. Mafuta yaliwaka kama alivyotabiri, lakini mgandamizo ukavunja kipimo kilichofungwa juu ya silinda na vipande vikaruka vikiwakosakosa waliokuwapo. Februari 1894 injini ikazunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja tu. Iliwachukua miaka mingine mitatu kufika walikokuwa wanakwenda. Februari 17, 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini ya silinda moja, yenye urefu wa karibu mita tatu na nguvu za farasi karibu 20, na kukuta kwamba inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi.

Hakuna injini nyingine wakati huo iliyokaribia kiwango hicho.

Ni vyema kueleza alichokuwa akikitafuta, kwa sababu wanaolitumia jina lake leo mara nyingi hutafuta kitu kingine. Diesel hakuwa akikimbizana na kasi. Alitaka injini isiyokula sana, inayoweza kuwekwa katika karakana ya fundi seremala au mfumaji, ili mtu wa kipato kidogo asimezwe na wenye viwanda vikubwa vya mvuke. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu mshikamano wa wafanyakazi na umiliki wa pamoja. Hakikununuliwa na wengi, jambo lililomuumiza, kwani mwenyewe alikithamini sana.

Tatizo la tone la mafuta

Jambo moja lilimshinda kulimaliza maishani mwake, nalo ndilo linalotufikisha kwenye ramani ya injini. Ni namna ya kuingiza mafuta ndani ya silinda kwa kiasi sahihi na kwa wakati sahihi. Injini yake ilitegemea kompresa ya hewa iliyopuliza mafuta ndani, kifaa kizito kisichofaa kwa gari. Baada ya kifo chake, kampuni ya Robert Bosch ndiyo iliyoanza kuuza pampu ya dizeli iliyokubalika kila mahali, mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha gari dogo la 260 D linaloendeshwa na dizeli.

Pampu za aina hiyo bado zinaunguruma bonde zima la Kilombero. Katika Land Cruiser nyingi za zamani, kiasi cha mafuta hupangwa na springi, vyuma na skrubu. Fundi wa pampu anayetaka kuongeza nguvu hugeuza skrubu, na gari likitoa moshi mweusi anajua amepitiliza.

Magari yaliyoanza kuenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yana utaratibu mwingine. Mafuta hukaa tayari katika bomba moja kwa mgandamizo mkubwa mno, unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, na nozeli hufunguliwa kwa umeme. Kompyuta huangalia mwendo wa injini, mguu wa dereva, joto na kiasi cha hewa, kisha husoma katika majedwali yake ni miligramu ngapi za mafuta zipulizwe na lini. Majedwali hayo ndiyo yanayoitwa ramani.

Fundi wa kubadili ramani huunganisha kompyuta yake na ya gari, hunakili majedwali, huongeza mafuta hapa, shinikizo la tabo pale, huondoa vikomo vilivyowekwa na kiwanda, kisha huyarudisha. Kwa injini yenye tabo, nguvu inaweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa isiyo na tabo faida ni ndogo, na anayeahidi makubwa anauza maneno.

Tabo yenyewe ni wazo la Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyepata hataza yake mwaka 1905, Diesel akiwa hai. Ni mwaka huohuo wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia boma la Wajerumani huko Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero.

Nguvu hiyo ya ziada haitoki hewani. Mtengenezaji huacha akiba kwa sababu hajui gari litauzwa wapi, litabeba nini wala litajazwa mafuta gani. Akiba ikiliwa yote, joto la moshi hupanda, pistoni hupasuka, gasketi ya silinda hedi huungua, klachi huteleza, tabo hufa kabla ya siku zake. Gari lenye chujio la hewa lililojaa vumbi na nozeli zilizochoka linahitaji matengenezo kwanza, si ramani mpya.

Tanzania ina sababu ya ziada ya kuwa na tahadhari. Neno kuchakachua lilipata umaarufu wakati mafuta ya taa yalipokuwa yakichanganywa kwenye dizeli, hadi Serikali ikaanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010 na kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha, na kompyuta haina macho ya kuona kilichomo ndani ya tangi.

Ramani zinaweza pia kudanganya. Septemba 2015 ilibainika Marekani kwamba Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kupunguza sumu ya moshi kwa muda huo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika.

Karanga za Afrika

Katika maonesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, ambako injini ya Diesel ilipata tuzo ya juu, injini moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe yalikuwa ghali. Diesel alilitetea wazo hilo hadi karibu na kifo chake. Miaka mia moja baadaye wawekezaji walikuja Tanzania kulima mbono kwa ajili ya dizeli, na mradi mmoja mkubwa wilayani Kisarawe ulikwama mwaka 2011, wanavijiji wakiwa wameshatoa ardhi.

Usiku wa Septemba 29

Utajiri ulimjia Diesel haraka na kumponyoka haraka. Aliuza haki za injini yake kwa mamilioni ya marki, akajenga jumba la fahari Munich, akapoteza fedha katika ardhi na miradi iliyoharibika, na akaandamwa na kesi za hataza na maradhi ya mishipa ya fahamu.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli ya Dresden mjini Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza, akiwa na mfanyabiashara Mbelgiji, Georges Carels. Walikula pamoja. Diesel akaenda chumbani majira ya saa nne usiku, akiagiza aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa sitahani.

Siku kumi baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti iliyoharibika ikielea. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili baharini, na mwanawe Eugen akavitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Wapo waliodai aliuawa na majasusi au wafanyabiashara wa mafuta, na kitabu kilichotoka Marekani mwaka 2023 kinadai aliigiza kifo chake. Hoja iliyo na uzito zaidi ni ile ya huzuni. Siku ile katika shajara yake ilikuwa na alama ya msalaba. Kabla ya safari alimwachia Martha mkoba akimtaka asiufungue hadi wiki ijayo. Ulikuwa na fedha taslimu pamoja na hati zilizoonyesha kwamba akaunti zao zilikuwa karibu tupu.

Injini ndogo ya mnyonge ilikuja kukamilishwa na mtu mwingine. Mwaka 1933 Magokichi Yamaoka wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Yanmar, alifanikiwa kutengeneza dizeli ndogo ya kumfaa mkulima, na ni injini za namna hiyo zinazovuta pawatila katika majaruba ya mpunga. Mwaka 1957 Yamaoka aliijengea Augsburg bustani ya kumbukumbu ya Diesel, kwa mawe yaliyosafirishwa kutoka Japani.